Papara, roboti msaidizi wa maabara: kisa cha darasa lililojifunza kuficha ajali

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika shule ya sekondari ya serikali iliyo mjini, ukanda wa pwani ya Tanzania. Nimeondoa jina la shule, mwaka, na kila kitu ambacho kingemtambulisha mwanafunzi. Mwalimu wa kemia anayetajwa humu ni mimi. Ninaandika kwa sababu kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki lilikuwa langu, na kwa sababu walimu wenzangu wawili, baada ya kusikia juu juu tu habari za "yule roboti", wameniomba niwaazime wamtumie kwao. Kabla sijamtoa, nataka wajue yote aliyotufanyia.

Maabara yetu ni chumba kimoja kinachohudumia fizikia, kemia na baiolojia. Kina meza ndefu sita. Kidato cha pili nilichokuwa nikikifundisha kilikuwa na wanafunzi hamsini na ushei katika mkondo mmoja, kwa hiyo kila meza ilibeba wanane au tisa, bega kwa bega. Mabomba ya maji ni manne na linalotoa maji ni moja, na siku za mgao hata hilo hukauka. Gesi hatuna, tunapasha moto kwa taa za spiriti. Tulikuwa na fundi sanifu wa maabara mmoja, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Wanafunzi humwita Babu, nami humwita Mzee.

Ukutani pana bango la kanuni za maabara, kwa Kiingereza. Wanafunzi wangu walikuwa wakilisoma kwa sauti moja kila mwanzo wa muhula na kulikariri vizuri sana. Dakika kumi baadaye utamkuta mmoja wao ameelekeza mdomo wa testi tyubu inayochemka usoni kwa mwenzake, na ukimuuliza kanuni namba nne inasema nini, atakutajia neno kwa neno. Hilo lilinisumbua kwa miaka. Maneno walikuwa nayo, lakini yalikuwa hayajashuka mikononi.

Roboti na koti lake

Nilimpata kwenye rundo la midoli ya mtumba. Alikuwa roboti wa plastiki wa buluu na kijivu, mrefu kama shubiri, wa aina inayogeuka: ukimkunja anakuwa tipa, ukimkunjua anasimama tena na mikono na kichwa. Jina la kiwanda halikuonekana popote.

Midoli ya namna hii ina historia yake, na wanafunzi waliipenda nilipowasimulia. Kampuni ya Takara ya Japani ilianza kuuza mfululizo wake wa Diaclone mwaka 1980. Mwaka 1983 ikaja na Micro Change, roboti wanaogeuka kuwa vitu vya nyumbani vyenye ukubwa wake halisi: redio ya kaseti, kamera, hadubini. Mwaka 1984 kampuni ya Hasbro ya Marekani ikaichukua midoli hiyo na kuiuza kwa jina la Transformers. Yule wa hadubini aliingia sokoni Marekani mwaka 1985 kwa jina la Perceptor, akiwa ndiye mwanasayansi wa kundi. Huyo ndiye niliyemtamani kwa ajili ya maabara. Niliyempata ni tipa.

Kumgeuza kulihitaji hatua kumi na moja, kwa mpangilio maalumu. Kifua kinavutwa mbele kwanza, ndipo miguu ikunjwe. Ukianza na miguu, bawaba ya kiunoni inalia, na ukilazimisha inapasuka. Nilipogundua hilo nyumbani usiku, mikono yangu ikiwa juu ya meza ya jikoni, nilijua nimepata kitu cha kufundishia. Jaribio la kemia nalo ni mpangilio wa hatua, na nyingine hazirukwi bila kitu kupasuka.

Nilimshonea koti la maabara kutoka mkono wa shati kuukuu. Darasa likampa jina: Papara. Nikamtungia tabia. Papara ni msaidizi wa maabara mwenye moyo mwema na mikono mibovu. Anataka kusaidia, anawahi kila kitu, na kila anachokigusa kinaanguka.

Yaliyotokea wiki za mwanzo

Kila kabla ya jaribio tulikuwa na igizo la dakika tano, kwa Kiswahili. Igizo la kwanza, Papara amebeba bika, kengele ya mapumziko inalia, anajigeuza tipa ili awahi, bika linaanguka. La pili, Papara anazima taa ya spiriti na papo hapo anaishika testi tyubu kwa mkono mtupu. La tatu lilikuwa la asidi, nami nililiigiza kwa maji matupu na kopo la plastiki. Papara anataka kuzimua asidi ya salfa iliyokolea, na anamimina maji juu ya asidi.

Hilo la tatu nililieleza kwa kirefu, maana ndilo linaloumiza watu wakubwa na wadogo. Asidi ya salfa iliyokolea ni nzito, karibu gramu 1.84 kwa kila sentimita moja ya ujazo, na maji ni gramu 1. Ukimimina maji juu yake, maji yanakaa juu. Pale yanapokutana na asidi joto kali linatoka, ule utando wa maji unachemka ghafla na kurusha matone ya asidi usoni mwako. Ukifanya kinyume chake, asidi kidogo kidogo ndani ya maji mengi huku ukikoroga, maji yanalipokea lile joto na kulisambaza.

Baada ya kila igizo nilikuwa nauliza swali moja: "Papara kakosea wapi?" Mikono hamsini juu. Vicheko vilisikika hadi ofisi ya walimu. Wiki ya tatu niliona mabadiliko niliyoyasubiri kwa miaka: wanafunzi walikuwa wakigeuza midomo ya testi tyubu kuelekea ukutani bila kuambiwa, na msichana mmoja alimwambia jirani yake, "Subiri, Papara wewe," kabla hajashika kitu cha moto.

Nilisikia maneno hayo nikayafurahia. Ningekuwa makini zaidi, ningeyasikia vizuri.

Maabara ina daftari la vilivyovunjika. Kabla ya Papara, kila wiki lilikuwa na mistari miwili au mitatu. Wiki ya tatu halikuwa na mstari. Ya nne pia, na ya tano. Nililipeleka kwa mkuu wa shule na kumwonyesha kurasa tupu. Akanipongeza mbele ya walimu wenzangu.

Siku ya vidole

Wiki ya sita, Mzee aliniita stoo. Alikuwa amehesabu testi tyubu kwa ajili ya kuagiza vifaa. Zilipungua kumi na moja.

"Mwalimu," akasema, "hizi hazikuibwa. Njoo uone."

Akanipeleka nyuma ya jengo, kwenye kitalu cha maua chini ya dirisha la maabara. Vipande vya glasi vilikuwa vimefukiwa kwenye udongo, vingine vimefungwa kwa karatasi za daftari. Alikuwa amekuta vingine kwenye tundu la sinki. Watoto wa kidato cha kwanza ndio wanaopalilia kitalu kile, kwa mikono.

Kesho yake, nikisahihisha kazi darasani, niliona binti mmoja anaandika ameshika kalamu kwa namna ya ajabu, vidole viwili vimenyooka. Alikuwa amevaa sweta, mikono imevutwa hadi kwenye vifundo, na ilikuwa Februari ya pwani, joto la kutokwa jasho ukiwa umekaa. Nikamwomba anionyeshe mkono. Kidole cha shahada na gumba vilikuwa na malengelenge, moja limepasuka, na juu yake pana utando mweupe. Alikuwa amepaka dawa ya meno.

Ilikuwa siku ya pili tangu aungue. Tulikuwa tumepasha fuwele za buluu za kopa salfeti hadi zikapoteza maji yake na kuwa nyeupe. Taa ikazimwa. Akashika testi tyubu kwa chini, pale palipokuwa juu ya moto. Glasi ya moto na glasi ya baridi zinafanana kabisa kwa macho.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Hakujibu. Nikamwambia sina hasira, nataka kujua tu. Akasema kwa sauti ya chini, akitazama meza:

"Mwalimu, wangeniita Papara."

Nilimpeleka zahanati, kisha nikampigia mama yake. Mama alinishukuru. Zile shukrani zilinielemea kuliko ambavyo lawama zingenielemea.

Jioni ile nilianza kuuliza kwa upole, mwanafunzi mmoja mmoja, na picha ikajengeka. Jina la Papara lilikuwa tayari na mwenyewe darasani. Kijana mmoja alikuwa ameangusha vitu viwili wiki ya pili, na tangu hapo hakuwa na jina jingine: uwanjani Papara, kwenye foleni ya uji Papara. Nilipofungua daftari la mahudhurio nikaona kitu nilichokuwa nimekipita: siku nne za vitendo zilizopita, tatu hakuwepo. Mimi nilikuwa nimeandika "mgonjwa".

Maamuzi na sababu zake

Nilipata ushauri wa aina tatu. Mwalimu wa nidhamu alitaka waliofukia glasi watafutwe na waadhibiwe, kwa kuwa watoto wadogo wangeweza kukatwa. Hofu yake ilikuwa ya haki. Mwenzangu wa fizikia alisema nimtupe yule mdoli na kurudi kwenye bango. Mzee alisema jambo moja tu: "Kwanza uliza vinalipwaje." Alikuwa anakumbusha kanuni ya shule, anayevunja analipa. Nilikuwa nimeisahau kwa sababu mimi silipi. Kwa mtoto ambaye nauli ya daladala ni mashaka, bei ya testi tyubu moja ni jambo la kupeleka nyumbani kwa hofu.

Msako niliukataa. Tungewapata wawili watatu, na waliobaki wangejifunza kufukia mbali zaidi. Glasi ilizolewa siku ileile na mimi, Mzee na mwalimu wa zamu, kwa glavu na chepe, tukapepeta udongo wote wa juu. Kidato cha kwanza waliondolewa kwenye kitalu.

Kwa mkuu wa shule nilienda na ombi dogo makusudi: hadi mwisho wa muhula, atakayetoa taarifa ya kilichovunjika siku hiyohiyo asilipe. Sikuomba kanuni ifutwe, maana najua fungu la vifaa linatoka wapi na linavyochelewa. Nilimwambia pia kwamba zile kurasa tupu nilizomwonyesha zilikuwa za uongo, na kwamba aliyezifanya ziwe za uongo ni mimi. Alikaa kimya kidogo, kisha akakubali, kwa muhula ule peke yake.

Kuhusu Papara nilisita siku kadhaa. Nilimfungia kabatini wiki nzima. Kumtupa kungekuwa rahisi, ila jina lingebaki likitembea kwenye mabega ya yule kijana bila mdoli wa kulibeba. Aliyeliingiza jina darasani ni mimi, na ilinibidi nilitoe kwa mlango uleule. Nikaamua arudi, akiwa na maisha mengine.

Nilianza kwa kuliomba darasa radhi. Niliwaambia nilivyowafundisha kumcheka anayeangusha, na kwamba mwenzao mmoja aliumia siku mbili kimya kwa sababu hiyo. Binti nilikuwa nimemwomba ruhusa kabla; alikubali nisimulie bila kumtaja, ingawa kila mtu alijua. Kisha nikamweka Papara juu ya meza na kubadili swali. Badala ya "kakosea wapi", nikauliza: "Nini kimemfanya aangushe?"

Kimya. Mikono haikunyanyuka, kwa sababu sasa jibu lilihitaji kutazama. Nikagawa kazi kwa makundi: mchukueni, mchunguzeni, mniambie kwa nini anaanguka.

Aliyepata jibu ni yule kijana. Alimsimamisha Papara mara nyingi, akaona kwamba kila mara anaanguka kinyumenyume, haangukii mbele wala ubavuni. Akamgeuza. Mgongoni pana bodi zima la tipa, limening'inia kama mtoto aliyebebwa, na visigino vya roboti ni vifupi. Fizikia ya kidato cha pili ina somo la kitovu cha uzito, nao walikuwa wamelisoma muda si mrefu: kitu husimama pale mstari ushukao kutoka kwenye kitovu cha uzito wake unapopita ndani ya nyayo. Wa Papara ulikuwa unashukia nyuma ya visigino. Kijana akakata kipande cha kadibodi, akakibandika chini ya miguu kikatokeza nyuma, akamsimamisha. Akasimama.

"Mwalimu, huyu hana papara," akasema. "Kaumbwa na mzigo mgongoni."

Nilimwomba aeleze darasa zima. Alieleza kwa mkono wa kushoto, chaki mkononi, na hapo ndipo na mimi nilipomwona. Kijana ni mashoto. Meza yake ilikuwa ya watu tisa, naye alikaa katikati, mkono wake wa kazi ukigongana na mkono wa kulia wa jirani kila wanapomimina. Vitu viwili alivyoangusha wiki ya pili vyote viliangukia upande uleule. Nilikuwa nimemfundisha miezi mingi nisione.

Matokeo

Tulimhamishia mwisho wa meza, upande wa kushoto, mahali ambapo kiwiko chake hakina jirani. Alihudhuria vitendo vyote vilivyobaki. Mzee alipitia meza zote sita akakuta mashoto wengine watatu, nao wakahamishwa. Hatujawahi kufanya zoezi dogo namna hiyo lenye faida ya haraka vile.

Daftari likaanza kujaa. Katika wiki sita zilizobaki liliandikwa mistari kumi na tisa, mingi kuliko wakati wowote katika kumbukumbu za Mzee. Kati yake, kumi na miwili haikuwa ya kuvunjika kabisa. Ilikuwa ya kunusurika, safu mpya tuliyoiongeza: "nilitaka kujaza spiriti taa ikiwa inawaka, mwenzangu akanizuia"; "sakafu karibu na sinki imelowa, nimeteleza". Ule wa sinki ulitupa dawa ya matukio matatu kwa mpigo: gunia kuukuu sakafuni, na zamu ya kupiga deki katikati ya kipindi.

Ule wa taa ya spiriti ulinikosesha usingizi. Mwali wa spiriti mchana karibu hauonekani, na mtoto alidhani taa imezimika. Tangu siku hiyo anayejaza taa ni Mzee au mimi, nje ya kipindi.

Yako ambayo hayakufaulu. Jina la Papara lilipungua darasani lakini lilibaki uwanjani hadi muhula ukaisha. Kundi moja liliendelea kuficha. Tulikuta testi tyubu mbili ndani ya sinki, na sikuwahi kujua ni nani. Ruhusa ya kutolipa haikuongezwa muhula uliofuata, ila mkuu wa shule alikubali malipo yawe kwa uharibifu wa makusudi tu, na uamuzi wa kipi ni cha makusudi unafanywa na watu watatu akiwemo Mzee.

Vidole vya binti vilipona, kimebaki kovu dogo kwenye gumba.

Uchambuzi

Igizo lenyewe lilifanya kazi, na hilo sitaki lipotee katika maelezo ya makosa. Kanuni zilizokaririwa kwa Kiingereza miaka miwili zilishuka mikononi ndani ya wiki tatu zilipogeuzwa kuwa tendo, kwa lugha wanayogombania mpira. Mdoli anaweza kuunguzwa, kuangushwa na kumwagiwa bila mtu kuumia, kwa hiyo kosa linaonekana lote hadi mwisho wake. Hatua kumi na moja za kumgeuza zilikuwa somo la mpangilio bora kuliko nililowahi kulitunga kwa chaki. Nilipompa kila mwanafunzi nafasi ya kumgeuza, walisikia kwa vidole vyao ile bawaba ikilia walipotaka kuruka hatua.

Palipoharibika ni kwenye tabia niliyompa. Niliufanya uzembe uwe maumbile yake. Hadithi zetu zinajua kazi hii vizuri mno. Fisi wa hadithi ni mlafi jana, leo na kesho, na ndiyo maana karibu kila darasa lina mtoto anayeitwa Fisi kwa sababu siku moja aliongeza kijiko cha wali. Mhusika wa namna hiyo ni jina linalosubiri mtu wa kulivaa. Abunuwasi ni mwingine. Naye hufanya mambo ya ovyo, lakini msikilizaji yuko upande wake, na mwisho wa kisa yeye ndiye anayecheka. Papara wangu hakushinda hata mara moja, wala hakuna aliyekaa upande wake. Ningempa siku moja tu ya kusema "nimevunja, naombeni ufagio" na kupongezwa, nadhani yule binti angekuja kwangu na vidole vyake dakika ileile.

Swali "kakosea wapi" nalo lina sumu yake. Linamwelekeza mtoto kwa mtu, na akishampata mtu anaacha kutazama. Sakafu iliyolowa, meza ya watu tisa, mwali usioonekana, mashoto aliyebanwa katikati, vyote vilikuwa mbele yetu wiki zote zile tukicheka. Wakubwa nao hukosea hapohapo. Desemba 2008, katika maabara ya kemia ya chuo kikuu kimoja huko Los Angeles, msaidizi wa utafiti mwenye miaka 23 alikuwa akivuta kwa bomba la sindano kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Mchi wa sindano ukachomoka, kemikali ikashika moto, na sweta lake la nyuzi za viwandani likawaka. Hakuwa amevaa koti la maabara. Alifariki siku 18 baadaye. Mtu anaweza kusema mkono uliteleza na akaishia hapo, na atakuwa hajauliza habari za koti, za sweta, za ukubwa wa sindano, wala za nani alimfundisha kazi ile. Niliwasomea wanafunzi kisa hicho polepole, bila Papara mezani.

Kosa langu la tatu ni la hesabu. Nilichukua daftari tupu nikaliita usalama. Kurasa zile zilikuwa zinapima kitu kimoja tu, nacho ni hofu ya kuandika. Wanaoendesha ndege waliligundua hili zamani. Tangu mwaka 1976 shirika la NASA la Marekani linaendesha mfumo ambao marubani na waongoza ndege hutuma kwa hiari taarifa za makosa yao na za ajali walizonusurika. Majina huondolewa, na aliyekosea bila kukusudia, akiwahi kutoa taarifa, hupata kinga fulani dhidi ya adhabu. Watu wenye shughuli nyeti kuliko zote waliona ni heri kumlinda anayesema. Mimi na testi tyubu zangu nilikuwa nimejenga kinyume chake kwa mikono miwili, mmoja wa fidia na mwingine wa kicheko. Sijui upi ulificha glasi nyingi zaidi. Binti alitaja kicheko. Wavulana wawili niliozungumza nao baadaye walitaja pesa.

Kuomba radhi mbele ya darasa kulikuwa na uzito kuliko nilivyotarajia. Mistari mitatu ya kwanza katika safu mpya iliandikwa siku ileile, kabla hata kengele haijalia. Na jibu la kitovu cha uzito lisingetoka kwangu. Nilikuwa nimemshika mdoli yule miezi miwili nikiamini anaanguka kwa sababu niliamua awe mwangushaji.

Ningeanza upya leo, ningemtunga Papara pamoja na wanafunzi tangu siku ya kwanza, na ningempa kila tabia isipokuwa jina la sifa mbaya. Ningekagua pia mashoto, macho na urefu wa kila mtu kabla ya kupanga meza. Walimu wenzangu wawili wanaomsubiri nitawapa Papara akiwa na kadibodi yake miguuni, pamoja na kurasa hizi.

Jambo moja bado linatudai. Kidole kilichoungua kinahitaji maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala unga, na bomba letu ni moja. Siku ile ya fuwele za buluu lilikuwa kavu. Hata angesema, ningempeleka kwenye maji gani? Sasa kuna ndoo mbili za lita 20 zenye bomba, juu ya stuli karibu na mlango. Zamu ya kuzijaza inaanza saa moja na nusu asubuhi, na anayezijaza anaandika jina lake kwenye daftari lilelile.